Huu Mlonge, Ule Si Mlonge

Somo la wiki: mimea na majina yake. Kwa madarasa ya kati na ya juu, na kwa wazazi wanaosoma pamoja na watoto wao.

Hakuna muhula unaopita bila mtu kuingia darasani na tawi mkononi na kuuliza, "Mwalimu, huu si mlonge?" Muhula huu limeletwa tawi lililozua mabishano mpaka nje kwenye maegesho ya magari. Mzazi mmoja alipewa mche na jamaa zake wa Oman, akaambiwa ni moringa. Akaupanda uani kama mlonge na kuumwagilia maji kila jioni kama mlonge. Mwanzoni ulikuwa na majani mazuri ya duara. Sasa vijani vinapukutika na kuacha vijiti vitupu, na mtunza bustani ameshauri ung'olewe kwa kuwa unakufa. Tuliligeuza lile tawi, tukalinusa, tukauliza maswali mawili matatu juu ya mbegu, na jibu likapatikana. Mti haufi wala hauumwi. Ni kwamba si mlonge.

Kwa hiyo wiki hii tujifunze kuitofautisha miti hii ya ukoo mmoja. Tutajifunza na maneno yake, maana huwezi kueleza tofauti ya majani kama huna neno la sehemu za jani.

Tuanze na jina. "Moringa" si neno la Kiswahili wala la Kilatini kwa asili. Limetoka katika lugha za kusini mwa India: Watamil husema murungai, na majirani zetu wa Kerala husema muringa. Wataalamu wa mimea wakalichukua wakalifanya jina la ukoo mzima, na ukoo huo una aina 13. Mlonge ni mmoja tu kati ya hizo 13, ule unaoitwa Moringa oleifera. Pwani na visiwani utausikia pia ukiitwa mronge au mzunze. Kwa hiyo kila mlonge ni moringa, lakini si kila moringa ni mlonge, kama vile kila mnazi ni mti wa jamii ya mitende, lakini huwezi kwenda kukuna nazi kwenye mtende.

Kabla ya kuuliza ni moringa gani, hakikisheni kwanza kuwa ni moringa. Hapa Dubai miti miwili huwachanganya watoto. Mmoja ni mwarobaini, uliopandwa kando ya barabara nyingi. Vijani vyake ni virefu, vimechongoka, na ukingo wake una meno kama msumeno. Vya mlonge ni vya mviringo na ukingo wake ni laini. Wa pili ni ghaf, mti wa taifa wa Imarati. Kwa mbali matawi yake yanaelea kwa namna inayofanana, lakini ghaf una miiba, na moringa haina miiba hata kidogo. Mwenye lenzi atazame pia pale jani linapoungana na tawi: moringa zina vitezi vidogo sana hapo, kama vichwa vya pini. Kisha pondeni jani mkononi mnuse. Harufu ni kali kidogo, inapanda puani kama haradali.

Harufu hiyo haikutokea kwa bahati. Watu wengi wakiona ganda refu la mlonge hudhani mti huu ni wa jamii ya kunde na maharage. Sivyo. Ndugu wa karibu kabisa wa moringa ni mpapai, na katika ukoo mpana zaidi wamo haradali na kabichi. Tafuneni mbegu moja ya papai mtauonja huo ukali. Ganda la kunde hupasuka pande mbili. La mlonge hupasuka pande tatu.

Sasa jani lenyewe. Mwulize mtoto yeyote aonyeshe jani moja la mlonge, atachuma kile kipande kidogo cha mviringo. Hicho si jani, ni sehemu ya jani. Fikirini kuti la mnazi: kuti zima, refu kuliko mtu, ni jani moja la mnazi, na vile vipande vyembamba vya pembeni ni sehemu zake. Jani la mlonge nalo limegawanyika, tena kwa kawaida limegawanyika mara tatu. Kuna uti mkuu, kutoka kwenye uti huo yanatoka matawi ya uti, kutoka hayo yanatoka mengine madogo, na mwisho kabisa ndipo vinapokaa vijani. Namna ya kujua jani linaanzia wapi ni kutafuta chipukizi. Chipukizi hukaa kwapani, pale jani linapokutana na tawi. Kijani hakina chipukizi kwapani mwake.

Nifungue mabano hapa kwa wanafunzi wa darasa la kati. "Kijani" ni udogo wa "jani", na ndiyo hiyo hiyo tunayoipata katika "rangi ya kijani", yaani rangi iliyo kama ya jani. Kwa hiyo sentensi "vijani vya mlonge ni vya kijani" ni sahihi kabisa, ingawa inachekesha.

Vijani hivyo ndivyo kipimo chetu cha kwanza. Wekeni kidole juu yake. Kijani cha mlonge kina urefu wa sentimita 1 hadi 2, kiasi cha ukucha wa kidole cha mtu mzima. Kikiwa kikubwa kiasi cha kidole gumba kizima, huo ni mti mwingine, tutaufikia. Na kikiwa kidogo kama punje ya mchele, au hakipo kabisa na umebaki uti mtupu, mmekutana na mti wa milima ya hapa.

Mti huo wa hapa ndio ulioleta mabishano. Kitaalamu ni Moringa peregrina. Waarabu wa Oman na Imarati huuita shuu, ile ya kumalizia kwa herufi ain, na katika Kiarabu cha vitabu ni bani. Unaota Rasi ya Uarabuni, pande zote mbili za Bahari ya Shamu, na kuteremka hadi Pembe ya Afrika. Hapa kwetu makazi yake ni milima ya Hajar, kwenye miteremko ya mawe na kingo za mabonde makavu. Ni mti wa kuishi mahali ambapo mvua ni ya kubahatisha, na tabia yake yote inatokana na hilo.

Mche wa bani una vijani vipana, vya mviringo. Mti unavyokua, kila jani jipya linakuja refu zaidi lakini vijani vyake vinapungua ukubwa na kuachana, mpaka kwenye mti mzima vinakuwa vidogo mno na vinadondoka mapema. Kinachobaki ni nyuti nyembamba ndefu, za rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu, nazo ndizo zinazoendelea kufanya kazi ya jani: kupokea jua na kuulisha mti. Ukiutazama kwa mbali, mti mzima unafanana na fagio la chelewa lililosimamishwa kichwa juu. Mti ulio hivyo ni mzima wa afya. Kijani kidogo maana yake ni maji machache yanayopotea hewani. Asiyejua hilo huona ugonjwa, na huongeza maji, na maji mengi kila siku kwa mti wa majabalini ni njia ya kuozesha mizizi yake. Mzazi wetu ameshauriwa aache kumwagilia kila jioni na auache mti uwe fagio.

Tatizo ni miche. Mche wa mlonge na mche wa bani, vyote vikiwa na urefu wa shubiri moja, vinaweza kumchanganya hata aliyezoea. Rangi ya bani huelekea zaidi kwenye samawati yenye vumbi, lakini rangi inategemea na mwanga, nami singeng'oa mti wa mtu kwa ushahidi wa rangi. Shahidi wa kuaminika ni mbegu. Mbegu ya mlonge ni ya mviringo, ya kahawia, na ina mabawa matatu mepesi kama karatasi. Ukiirusha juu inashuka ikizunguka. Mbegu ya bani haina mabawa. Ni kokwa tupu, yenye pembe pembe, nzito zaidi, ukiirusha inaanguka kama jiwe. Kwa hiyo mkipanda, msitupe mbegu zote. Bakisheni moja kwenye pakiti pamoja na tarehe. Mwaka ujao mtakapobishana mtakuwa na pa kwenda.

Maua nayo yanasaidia, kwa mwenye subira. Ya mlonge ni meupe ya maziwa na yananukia. Mahali pa joto mti unaweza kuchanua karibu mwaka mzima. Ya bani huja zaidi wakati wa machipuko, na weupe wake umeingiwa na waridi. Kwa maganda, la mlonge ni refu, mara nyingi sentimita 30 hadi 50, lenye mistari ya kushuka. La bani kwa kawaida ni fupi kuliko hilo, na limebanwa kidogo kati ya mbegu na mbegu.

Wale mliokulia katika nyumba zinazosoma kasida, neno bani mmelisikia kabla ya kuuona mti. Limo katika beti za mwanzo kabisa za Burda ya al-Busiri, mshairi wa Misri wa karne ya 13, ambayo husomwa Lamu, Unguja na Maskati hadi leo. Washairi wa Kiarabu walipenda kumfananisha mtu mwenye umbo jembamba na tawi la bani. Sasa mkiliona fagio lile linavyoyumba kwa upepo mtajua walikuwa wanatazama nini. Na mafuta ya mbegu zake yalikuwa na thamani kubwa tangu Misri ya kale, kwa marashi na kupaka mwilini, kwa sababu hayachachi haraka.

Kuhusu lile jina la kitaalamu, kuna kichekesho. Peregrina kwa Kilatini ni mgeni, mtu aliyetoka nje. Aliyeupa mti huu jina hilo ni Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyekuja Uarabuni na msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark. Alifariki Yemen mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775 na mwenzake Carsten Niebuhr. Kwa hiyo mti wenyeji wa milima hii unaitwa mgeni, na mlonge, ambao sisi tunausema kama wa kwetu tangu enzi za mababu, asili yake ni chini ya milima ya Himalaya, kaskazini-magharibi mwa India na Pakistan. Ulivuka bahari kuja Afrika Mashariki, kama mwembe ulivyovuka. Hilo halipunguzi haki ya bibi kusema mlonge ni mti wake. Ameupika miaka mingi kuliko umri wetu.

Sasa yule wa kidole gumba. Ni Moringa stenopetala, na huu ni wa Afrika hasa: kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, pande za Turkana na Marsabit, na upo pia kwenye visiwa vya Ziwa Baringo. Shina lake ni nene, limevimba, la rangi ya kijivu au nyeupe, mtu akiuona kwa mara ya kwanza hufikiria mbuyu mdogo. Vijani vyake vina urefu wa sentimita 3 hadi 6. Maua ni madogo, na petali zake ni nyembamba. Ndiyo maana ya jina stenopetala. Mbegu zina mabawa kama za mlonge, ila ni kubwa na ndefu zaidi. Watu wa Konso, Ethiopia, huupanda kati ya mtama kwenye matuta yao ya mawe, ambayo UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, na majani yake ni mboga yao ya kila siku. Waethiopia wengi mtakaowauliza hapa mjini watauita shiferaw.

Nitaje pia, bila kukaa sana, kwamba Kenya ina aina 5 za moringa za asili, na hata moja kati ya hizo si mlonge. Mbali na huu wa Turkana kuna longituba wenye maua mekundu kama mirija, rivae, borziana, na arborea wa Mandera, ambao ni adimu sana. Baadhi ni vichaka vyenye kiazi kikubwa chini ya ardhi. Mwanafunzi atakayepata safari ya kaskazini-mashariki mwa Kenya na kurudi na picha ya maua ya longituba, ukurasa wa mbele wa jarida hili ni wake.

Kuna sababu ya jikoni ya kujua haya yote. Majani ya mlonge tunayala, kwa nazi au kwa mchuzi wa karanga, na ya stenopetala yanalika vilevile na ladha yake ni ya upole zaidi. Bani kwa wenyewe ni mti wa mafuta na kuni na malisho. Si mboga yetu, na mti wa mlimani wenye vijani vichache hauna cha kumpa mtu wa kapu. Kisha kuna unga. Pakiti nyingi zimeandikwa "moringa" tu, nanyi sasa mnajua kuwa neno hilo ni jina la aina 13. Unga hauna kijani wala bawa la kupimia. Tafuteni neno la pili kwenye pakiti, oleifera au stenopetala. Lisipokuwepo, muuzaji hajawaambia anauza nini.

Na mizizi ya mlonge iacheni ardhini. Gome la mzizi lina sumu, hata kama harufu yake ni ya kitoweo, na mama mjamzito asipewe kabisa mizizi wala magome. Najua huko nyumbani mlonge unasifiwa kutibu magonjwa 300. Mwarobaini uliridhika na arobaini. Majani ni chakula kizuri, chenye protini, madini na vitamini, na hiyo ni sifa ya kutosha kwa mboga. Anayetumia dawa za sukari au presha na anataka kunywa unga wake kila siku amwulize daktari kwanza.

Upande wa lugha. Kiswahili hupenda kuuweka mti katika ngeli ya M-MI: mwembe, mkorosho, mlonge, miembe, mikorosho, milonge. Tunda au zao likipata jina lake huwa linaingia kwingine: embe, korosho. Sasa, bani tuuiteje? Wako wanaosema "mlonge wa Kiarabu", na sina ugomvi nao. "Mlonge pori" silipendi, kwa sababu linamfanya msikilizaji adhani ni mlonge uliotoroka shambani. Darasa la juu limependekeza "mbani", wingi "mibani", kwa kufuata kanuni: mbani umepukutika, mibani imepukutika. Wazazi wenye asili ya Oman wanaojua jina ambalo wazee wao walilitumia kwa Kiswahili tafadhali watuandikie, maana la wazee litatangulia letu.

Zoezi la Jumamosi ijayo

1. Nendeni kwenye meza ya mboga ya duka lolote la karibu hapa Al Barsha lenye mboga za Kihindi, mnunue ganda moja la mlonge. Likateni kwa upana. Chora unachokiona, uandike: ganda, mbegu, bawa, nyama ya ganda. Lililobaki mpe mama alitie kwenye mchuzi.

2. Eleza kwa sentensi tatu tofauti ya jani na kijani, ukitumia mnazi kama mfano.

3. Andika kwa wingi: Mlonge huu una ganda refu, mbani ule una uti mtupu.

4. Rafiki yako amekuletea mbegu tano ndani ya bahasha isiyo na jina. Tatu zinashuka zikizunguka, mbili zinaanguka moja kwa moja. Umwambie nini?

5. Kwa wanaokwenda Hatta na wazazi: mko ndani ya milima ya Hajar, kwa hiyo tazameni miteremko ya mawe. Mkiona fagio la chelewa lililosimama, pigeni picha tatu: mti mzima, jani moja kutoka kwapani hadi ncha, na ganda kama lipo chini. Msivunje tawi.